Kila Kitu Kilikuwa Jumanne

Donge la damu, dogo kuliko punje ya mtama,
lilimkuta baba akipaka siagi mkateni.
Kisu kilianguka. Kisha mdomo, upande wa kulia,
ukaanguka taratibu, kama pazia lililoachiwa kamba.
Alipozinduka, hospitalini Valparaíso,
alibakiwa na neno moja: Jumanne.

Maji, Jumanne. Maumivu, Jumanne.
Mimi, Ximena, mtoto wake wa pekee, Jumanne.
Alilisema kwa hasira, kwa kubembeleza, kwa kuuliza,
akitutazama kama mtu anayelipa kwa noti halali
na wenye duka wanaikataa.

Daktari alituonyesha picha ya ubongo:
doa jeusi kushoto, pale panapofumwa maneno.
"Hapa pamekufa. Hapafufuki."
Kisha kidole chake kikazunguka ukingoni mwa doa.
"Lakini majirani wako macho.
Na ng'ambo, nusu ya kulia, wapo wasiowahi kuombwa kazi hii.
Wataombwa."

Nikamwambia: huyu alikuwa tarishi.
Miaka thelathini na minne, mkoba begani, vilima hivi hivi.
Majirani anawajua.
Mwaka wa tetemeko, ngazi kuu ilipomomoka
na lifti ya reli ikakwama katikati ya mlima,
haikurudi posta hata barua moja.
Alipita uani kwa wafua nguo,
akaruka ukuta wenye mbwa watatu nyuma yake,
akafika amechelewa saa nzima, suruali imeraruka.
Wiki iliyofuata alichelewa nusu saa.
Mwezi uliofuata nyasi zilikuwa zimelala
na watu walishapaita njia.

Fresia, mtaalamu wa matamshi, alikuja na kadi za picha.
Baba alizitazama kama bahasha zisizo na anwani.
Wiki tisa.
Kijiko, Jumanne. Kitana, Jumanne.
Kadi ya ndoo aliitupa dirishani.

Siku moja Fresia akazifunga kadi kwa mpira,
akauliza: "Kutoka posta hadi juu, ngazi ngapi?"
Akaushika mkono wa baba wa kushoto, akaugongesha mezani,
nao ukaanza kupanda.
Moja. Mbili. Tatu.
Nilishika ukingo wa sinki.
Nambari zilitoka zimeshikana mikono
kama watoto wa chekechea wakivuka barabara,
kumi na tisa, ishirini, pumzi, arobaini,
na kwenye sitini na mbili akasimama,
akageukia kulia, palipo na ukuta tu wa jikoni,
akasema:
"Bi Herminda. Anadaiwa stempu."

Bi Herminda alifariki nikiwa darasa la nne.
Nililia kwa ajili ya stempu yake.

Sitaki kudanganya. Halikuwa bomba lililozibuliwa.
Maneno mengine yalikuja yamevaa viatu vya wenzao:
uma ukawa kijiko, sabuni ikawa jibini,
mimi nikawa Bahasha, na hadi leo ni Bahasha.
Mengine hayaji. Anayasubiri mdomo wazi,
nami nimejifunza kutomtafunia,
maana Fresia alinikanya: neno la kupewa halifyeki njia.
Kwa hiyo supu inapoa.
Tunaiacha ipoe.

Jana aliingia na kalenda ya duka la dawa,
akaweka kidole kwenye kisanduku,
akagonga paja kwa mkono wa kushoto:
"Al. Ha. Mi. Si."
Ilikuwa Alhamisi kweli. Nikampigia makofi
kama mjinga, mikono imejaa unga.

Akanitazama kwa jicho la mbwa aliyeiba nyama.
"Jumanne," akasema,
akacheka kwa ile nusu ya mdomo inayocheka,
na nusu ya pili, sikuota, ikasogea.